Ulimi Uliofungwa: Usimulizi wa Hasara ya Vita katika Filamu ya Camp de Thiaroye

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Methali hii inamkabili kila msanii anayetaka kusimulia vita. Ayajuaye mateso kwa ukamilifu hana tena kinywa cha kuyaeleza, na mwenye kinywa aghalabu hayakumpata. Fasihi simulizi humtegemea mtambaji, naye mtambaji ni mtu mwenye sauti. Je, msanii afanyeje ikiwa vita vyenyewe vimemnyang'anya shahidi sauti yake?

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi swali hilo linavyojibiwa katika filamu ya Camp de Thiaroye, iliyotungwa na kuelekezwa na Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow wa Senegali, na kutolewa mwaka 1988. Hoja yake ni kwamba filamu hii haipimi hasara ya vita kwa wingi wa maiti, bali kwa yale yanayoipata lugha ya wale waliorudi wangali hai.

Usuli wa Kisa

Mwezi wa Novemba 1944, zaidi ya askari elfu moja wa Kiafrika waliowahi kuwa mateka wa Wajerumani walirejeshwa Dakar na kuwekwa katika kambi ya Thiaroye. Walidai malipo yao ya miaka ya kifungo, wakaahidiwa, wala hawakulipwa kama walivyoahidiwa. Tarehe 1 Desemba 1944 jeshi la Ufaransa, ambalo wao wenyewe walikuwa wamelipigania, liliwamiminia risasi. Taarifa za serikali zilitaja mara watu 35, mara 70. Wapo wanahistoria wanaoshikilia kwamba waliokufa walikuwa wengi zaidi. Ilipofika Novemba 2024 ndipo Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alipokiri kwamba yaliyotokea pale yalikuwa mauaji ya umati.

Sembène, aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki mwaka 2007, alikuwa mwenyewe askari katika jeshi hilo wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Aliwajua wahusika wake kabla hajawa mwandishi wala mtengeneza filamu.

Majina na Lugha ya Kambi

Jambo la kwanza linalomgusa mtazamaji ni majina. Wengi wa askari hawaitwi kwa majina waliyopewa na wazazi wao, bali kwa majina ya makoloni walikotoka: Niger, Gabon, Congo na kadhalika. Jina la ukoo limefutika, likabaki jina la milki. Hata hivyo, kinachowafuta ndicho pia kinachowaunganisha, kwa kuwa penye kikao cha kudai haki huonekana kana kwamba ni bara zima linalozungumza.

Hali kadhalika lugha yao. Kwa kuwa hawana lugha moja ya asili, huzungumza kile Kifaransa kilichokatwakatwa cha kambini. Mwaka 1916 kilichapishwa Paris kijitabu cha kuwaelekeza wakufunzi jinsi ya kusema na askari Waafrika kwa Kifaransa cha namna hiyo, chenye vitenzi visivyonyambuliwa na sentensi fupi za kuamrishana. Wasomi wa Afrika ya Mashariki hawatashindwa kukumbuka KiKAR, yaani Kiswahili kilichorahisishwa cha vikosi vya Keya. Lugha za aina hii ziliundwa ili mmoja aamuru na mwingine atii. Katika filamu hii mambo yanageuzwa: lugha iliyokusudiwa kupokea amri inatumika kujadiliana, kuhesabu fedha na kukataa. Hadhira iliyoanza kwa kuicheka inajikuta ikiiheshimu.

Kinyume chake ni Sajini-Meja Diatta. Yeye ni msomi, amemwoa Mfaransa, na Kifaransa chake kimenyooka. Lakini ufasaha huo haumwokoi. Mjini, akiwa amevaa sare ya Kimarekani, anapokewa vizuri kwa kudhaniwa kuwa Mmarekani. Ajulikanapo ni Mwafrika anafukuzwa, kisha anapigwa. Na jamaa zake wajapo kumtembelea, wanampa habari kwamba wazazi wake wameuawa kijijini kwao Effok, na waliowaua ni askari wa Ufaransa ile ile aliyokwenda kuitetea. Watunzi hawaturudishi Effok kutuonyesha maiti. Wanaiacha habari itamkwe na jamaa, na pigo linaonekana kwa yule anayeipokea.

Pays, Shahidi Asiyesema

Kiini cha filamu, hata hivyo, ni mhusika aitwaye Pays, neno la Kifaransa lenye maana ya nchi. Pays alifungwa katika kambi ya Buchenwald, na huko akapotezea usemi wake. Anaguna tu, na kichwani hakosi kofia ya chuma ya Kijerumani. Nchi, kwa hiyo, imekuwa bubu, na imevaa kofia ya aliyeitesa.

Hapa ndipo ufundi wa sinema unapofanya kazi ambayo mtambaji asingeiweza. Pays anapoigusa seng'enge ya Thiaroye, zinaingizwa picha zisizo na rangi za kambi ya mateso ya Wajerumani. Hakuna maelezo yoyote. Picha mbili zimewekwa sambamba, na mtazamaji anatambua kwamba kwa mkono ule seng'enge ni ile ile. Kamera imeuchukua ushahidi uliokwama kooni.

Usiku wa mwisho Pays yuko juu ya mnara wa ulinzi. Anaviona vifaru vikija. Anakimbia kuwaamsha wenzake, anaguna, anaonyesha kwa mikono. Wao wanamwonea huruma kama mtu aliyerukwa na akili, anayedhani bado yuko Buchenwald, nao wanarudi kulala. Punde mizinga inalia. Uzito wa tukio hili unatokana na kwamba hadhira imekwisha kuviona vifaru pamoja naye. Inajua, wala haiwezi kusema. Kwa muda mfupi mtazamaji mwenyewe amekuwa Pays.

Inafaa kusema kwamba taarifa za kihistoria huyaweka mauaji hayo asubuhi, si usiku wa manane. Mwanahistoria ana haki ya kulalamika. Lakini mabadiliko hayo hayapunguzi ukatili wa tendo. Yanauhamisha uzito kutoka kwenye ufyatuaji wa risasi hadi kwenye onyo lisilosikika.

Hitimisho

Kwa zaidi ya saa mbili filamu hii inaonyesha watu wakila, wakibishana na wakihesabu fedha. Mauaji yenyewe yanachukua sehemu ndogo tu. Mwishoni vijana wapya wanapakiwa melini kupelekwa Ulaya. Hakuna wa kuwaonya, kwani waliojua wamezikwa.

Imedhihirika, basi, kwamba sinema haikuja kuziba nafasi ya mtambaji, bali kumhudumia pale asipoweza kusema. Na kwa wachunguzi wa lugha linabaki fundisho jingine: bubu wa Thiaroye hakukosa la kusema. Alikosa waliokuwa tayari kuamini kwamba mgumo wake ulikuwa lugha.