Namba ya Mama Iko Kichwani au Iko Kwenye Simu?

 

Leo tunaanza na jaribio dogo. Weka simu yako chini na uifunike kwa kiganja. Sasa taja kwa sauti namba tatu za watu wako wa karibu, namba yako isihesabiwe. Ya mume au mke. Ya mama. Ya jirani anayeweza kukuchukulia watoto.

Umefika ya ngapi? Kama umekwama kwenye ya kwanza, usione haya. Wengi wetu tuko hapo. Zamani ulipoandikiwa namba kwenye kipande cha karatasi, uliipiga tarakimu moja moja, na baada ya mara kumi ilikuwa imeingia kichwani bila kujua. Siku hizi unagusa jina tu. Kichwa hakishiki kitu ambacho mkono haukiandiki na mdomo haukitamki. Namba ya mama haiko nawe. Iko ndani ya kitu kinachoweza kuanguka mtoni, kuibiwa au kuzimika.

Kwa mtu aliyekaa kwake kwa amani, huo ni usumbufu. Kwa mtu anayeweza kulazimika kukimbia usiku, ni hatari. Ndiyo maana tunaizungumzia leo.

Simu imebeba nini?

Kampuni ya Telecel ilipoanza kazi Kinshasa mwaka 1986, simu ya mkononi ilikuwa mali ya vigogo na matajiri. Leo anayo muuza ndizi, anayo motari, anayo mkulima wa Masisi. Kila kona kuna kabini ya mayunite. Ni jambo jema. Hakuna anayetaka kurudi kwenye siku za kutuma salamu kwa dereva wa lori na kusubiri jibu mwezi mzima.

Lakini tazama jinsi mzigo wa simu ulivyoongezeka mwaka hadi mwaka. Kwanza ilibeba sauti. Kisha namba zote unazozijua. Kisha pesa. Kisha picha ya karte ya uchaguzi, picha za diploma za watoto, picha pekee ya marehemu baba. Kisha habari za vita na za barabara ipi inapitika. Vitu ambavyo zamani vilikaa mahali patano, kwenye daftari, kwenye kibeti, kwenye sanduku, redioni na kichwani, sasa vyote viko mfuko mmoja. Mfuko ukipotea, vimepotea vyote siku moja.

Simu nayo inategemea nini?

Sisi tunaitegemea simu, nayo inategemea vitu vitatu: betri, mnara na kadi ya SIM.

Betri inahitaji umeme. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, umeme ulikatika sehemu kubwa ya Goma katika saa zilezile ambazo kila mtu alitaka kumpigia ndugu yake. Jua pia kwamba penye mtandao hafifu simu hula betri haraka, kwa sababu inautafuta mnara bila kupumzika. Ukiwa njiani na hakuna mtandao, izime, uiwashe kwa saa mliyokubaliana na watu wako.

Mnara nao unakula umeme, au mafuta ya jenereta. Barabara ikifungwa, mafuta hayafiki na mnara unanyamaza. Hata ukiwa hai, hauwezi kubeba maongezi ya mji mzima kwa pamoja. Ndiyo maana siku ya hofu unapiga mara ishirini bila kumpata mtu. Siku hiyo andika ujumbe mfupi: «Tuko wazima, tunaelekea Sake.» Ujumbe mfupi wa maandishi ni mwepesi, hupenya pale sauti inaposhindwa, na usipopita sasa hivi simu yako inaweza kuutuma tena baadaye.

Na kadi ya SIM? Hapo ndipo ilipo pesa yako. Au tuseme, wengi hudhani ndipo ilipo.

Pesa iko wapi hasa?

Mapigano yalipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango. Tangu hapo familia nyingi zimeishi kwa pesa inayotumwa kwenye simu, na noti zilipoadimika, kuitoa pesa hiyo kabinini kukawa na gharama yake. Yeyote aliyepita hapo anajua maana ya kuwa na pesa unayoiona kwa macho lakini huwezi kuinunulia unga.

Basi elewa hili vizuri. Pesa ya simu haikai ndani ya kifaa, wala ndani ya kadi. Imeandikwa kwenye hesabu za kampuni, kwa jina la mtu aliyeandikisha namba hiyo. Simu ni kama ufunguo tu. Ukiibiwa simu, pesa haijaondoka nayo, mradi mwizi hana namba yako ya siri. Unaweza kwenda kwenye ofisi ya kampuni na kitambulisho, laini ya zamani ikafungwa, ukapewa kadi mpya yenye namba ileile na pesa ileile.

Lakini angalia masharti mawili. La kwanza, laini iwe imeandikishwa kwa jina lako. Wengi tunatumia laini iliyoandikishwa na shemeji au na kijana aliyetuuzia barabarani. Siku ikipotea, kampuni itamtafuta yeye, si wewe. La pili, uwe na kitambulisho, au angalau namba ya kitambulisho hicho imeandikwa mahali pengine. Na ile namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni au wa shirika la misaada. Mfanyakazi wa kweli hana haja nayo.

Kwa nini mkono unakwenda wenyewe mfukoni?

Kuna utegemezi mwingine, wa moyo. Unaitazama simu, hakuna kitu. Dakika tatu baadaye unaitazama tena. Si ujinga. Mara nyingi hakuna kitu, lakini mara moja moja kuna jambo kubwa: ndugu amepatikana, pesa imeingia, barabara imefunguliwa. Kwa kuwa hujui ni mara ipi, unaendelea kutazama. Mvuvi hutupa nyavu kwa sababu hiyohiyo. Hofu ikiongezeka, mkono nao huongeza mwendo, na betri inakwisha kabla ya saa uliyoihitaji kweli.

Hapo ndipo uvumi unapopata mlango. Sauti iliyorekodiwa inafika: «Wameshafika, kimbieni!» Nani anasema? Yuko wapi? Ni leo au ni mwaka jana? Sauti isiyo na jina, mahali wala tarehe, usiitume mbele. Inaweza kuwatoa watu kwenye usalama na kuwatia njiani usiku.

Fanya haya leo jioni

Hatukuambii uache simu. Tunakuambia usiiachie kila kitu. Chukua kalamu.

Kwanza, andika namba tano muhimu kwenye karatasi mbili, pamoja na namba ya kitambulisho chako. Zifunge kwenye mfuko wa plastiki. Moja ikae nawe, nyingine na mtu mzima mwingine wa nyumbani.

Pili, wafundishe watoto majina kamili ya wazazi, jina la mtaa au kijiji, na namba moja ya simu. Ifanyeni wimbo. Mtoto wa miaka mitano anayekariri wimbo mzima wa tangazo la sabuni hashindwi na tarakimu kumi. Baada ya ule mlipuko wa Nyiragongo, zaidi ya watoto 150 walitengana na familia zao katika mkimbio. Mtoto anayejua kutaja jina la mama yake na namba ya simu ana njia fupi ya kurudi nyumbani.

Tatu, chagueni mtu mmoja anayeishi mbali, labda Bukavu, Kampala au Bujumbura. Mkitawanyika, kila mmoja ampigie huyo. Ninyi msipopatana, yeye atajua kila mmoja yuko wapi.

Nne, kubalianeni mahali pa kukutana ambapo hapahitaji simu: moja karibu na nyumbani, jingine nje ya mji. Mti, kanisa, msikiti au shule.

Tano, kama una redio ndogo ya betri, itunze. Mtandao ukikatika, redio inaweza kukufikia bado.

Na ukimpoteza mtu, usikate tamaa. Watafute wafanyakazi wa Msalaba Mwekundu kambini au mjini. Husaidia familia kupigiana simu bure, kupeleka barua zenye habari za familia tu, na kutafuta waliopotea. Kazi hiyo ilikuwepo kabla ya simu za mkononi. Baada ya mwaka 1994, watoto wa Rwanda waliotengana na wazazi wao walipigwa picha, picha zikabandikwa kambini, na kuna wazazi waliowatambua wana wao kwenye karatasi. Huduma hiyo hailipiwi. Anayekudai pesa kwa ajili yake anakuibia.

Mpendwa msikilizaji, tumalizie tulipoanzia. Kesho asubuhi, kabla ya kuiwasha simu, taja tena zile namba tatu. Ukikwama, fungua karatasi yako uzisome kwa sauti. Kesho kutwa rudia. Juma moja likipita zitakuwa kichwani, mahali ambapo hakuna mwizi anayefika na ambapo hapahitaji chaji.

Kisha mpe jirani yako karatasi hii naye asome. Sisi tunakuaga hapa, hadi kipindi kijacho. Kaa salama wewe na wako.