Bobby Wallace: Mlinzi mahiri aliyegeuka msaka vipaji

KATIKA besiboli, hatua moja tu huweza kumtenganisha mkimbiaji aliyenusurika na aliyetolewa. Bobby Wallace aliitambua siri hiyo mapema, nayo ikamdumisha katika ligi kuu kwa misimu 25.

Wallace alizaliwa Pittsburgh, Marekani, Novemba 4, 1873. Alijiunga na Cleveland Spiders mwaka wa 1894 akiwa mrushaji, lakini mnamo 1897 akahamishiwa kituo cha tatu.

Mwaka wa 1899 wamiliki wa klabu hiyo, ambao pia walimiliki timu ya St. Louis, waliwapeleka huko nyota wao, Wallace akiwemo. Huko ndiko alikokabidhiwa ulinzi wa pengo lililo kati ya kituo cha pili na cha tatu.

Nafasi hiyo haina mzaha. Mpira hutoka kwenye gongo ukidunda kwa kasi, ilhali mpigaji ana mita 27 pekee za kukimbia hadi kituo cha kwanza. Walinzi wa enzi hizo waliudaka, wakainuka, kisha wakaurusha. Wallace aligundua kuwa wakimbiaji wepesi walinusurika katika kitambo hicho cha kuinuka. Akaunganisha kudaka na kurusha kuwa tendo moja.

Mwaka wa 1902 alijiunga na St. Louis Browns kwa mkataba mnono wa miaka mitano, wakati ligi mbili kuu ziking'ang'ania wachezaji. Alistaafu mwaka wa 1918 akiwa na umri wa miaka 44, bila kucheza hata mechi moja ya World Series.

Baadaye aliitumikia Cincinnati Reds, hasa kama msaka vipaji, kwa zaidi ya miongo mitatu. Mwaka wa 1937 alishikilia kwa muda usukani wa timu hiyo, akashinda mechi tano na kupoteza 20.

Kazi ya msaka vipaji ilikuwa nyeti. Kabla ya 1965, hapakuwa na utaratibu wa vilabu kuchagua vijana kwa zamu. Aliyemwona kijana kwanza na kumshawishi ndiye aliyempata, na aliyekosea alipoteza fedha za mwajiri wake.

Wallace aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli mwaka wa 1953. Alifariki California Novemba 3, 1960, siku moja kabla ya kutimiza miaka 87. Aliacha namna ya kucheza ambayo walinzi wanaifuata hadi leo.