Msanii Mtajika na Mizani ya Magazeti

Tarehe 8 Februari 2002, siku ya kufunguliwa kwa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi katika mji wa Salt Lake City, Marekani, mwimbaji R. Kelly alisimama mbele ya watazamaji wa dunia nzima akaimba wimbo wa kushangilia ushindi. Na siku hiyo hiyo gazeti la Chicago Sun-Times lilitoa habari kwamba polisi walikuwa wakichunguza ukanda wa video uliodaiwa kumwonyesha mtu huyo akimwingilia msichana mdogo. Habari mbili zilitoka kwa wakati mmoja, na dunia ikachagua kusikiliza wimbo.

Wala hiyo haikuwa ishara ya kwanza. Mwaka 1994 Kelly, aliyekuwa na umri wa miaka 27, alifunga ndoa na mwimbaji Aaliyah, aliyekuwa na miaka 15, kwa cheti kilichosema kwamba bibi harusi ana miaka 18. Jarida moja la muziki lilikichapa cheti chenyewe, wasomaji wakakiona kwa macho yao, na bado waandishi wengi walilitaja jambo hilo kama kisa cha mapenzi ya watu maarufu. Desemba 2000 mwandishi Jim DeRogatis na mwenzake walichapisha malalamiko ya wasichana wengine. Juni 2002 mwimbaji akashtakiwa. Kesi ikakawia miaka sita, na katika muda huo nyimbo zake zilipanda chati, na wachekeshaji wa televisheni wakaufanyia mzaha ukanda ambao, kwa madai ya mashtaka, ulionyesha mtoto akidhulumiwa. Mwaka 2008 yule msichana hakutokea mahakamani kutoa ushahidi, na jopo la raia likamwachia mshtakiwa.

Sababu ya upole huo si moja. Kampuni ya muziki hailaani mkono unaoiletea faida, na mwandishi anayetaka mahojiano hupima maneno yake. Lakini sababu nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, ni hadhi ya walalamikaji: aghalabu walikuwa wasichana weusi, wasio na jaha wala wakili, na wahariri wachache waliona kwamba machozi yao yalistahili ukurasa wa kwanza. Mambo yalianza kugeuka mwaka 2017, wanawake wawili weusi wa Atlanta walipoanzisha wito wa kuzigomea nyimbo zake, na zaidi Januari 2019, walalamikaji waliposimulia mambo yao katika filamu ya televisheni ya mfululizo. Mwaka 2021 mahakama ya New York ilimtia Kelly hatiani, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 30. Mwaka huo huo wa 2022, huko Chicago, yule msichana wa ukanda, sasa mwanamke mzima wa miaka thelathini na kitu, alipanda kizimbani akasema kwamba aliyeonekana mle ni yeye.

Yeyote anayedhani kwamba upole huu hutolewa kwa waimbaji tu, na amtazame Roman Polanski, mwongozaji wa filamu aliyekamatwa Los Angeles mwaka 1977 kwa jambo la mtoto wa miaka 13, akakiri kosa la kumwingilia, kisha akatorokea Ufaransa mwaka 1978 kabla ya kuhukumiwa. Mwaka 2003 alitunukiwa Oscar akiwa mtoro, na watu wengi ukumbini wakasimama kumshangilia. Alipokamatwa Zurich mwaka 2009, zaidi ya watu mia wa sinema walitia saini waraka wa kumtetea. Miongoni mwa waliomtetea magazetini alikuwamo Harvey Weinstein, ambaye mahakama ya Los Angeles ilimtia hatiani kwa ubakaji mwaka 2022. Ilisemwa kwamba Polanski ni fundi mkubwa na kwamba ameteseka. Na kweli aliteseka, kwa maana mama yake aliuawa Auschwitz na mkewe aliuawa mwaka 1969. Lakini mwizi wa kuku hapewi msamaha kwa sababu ya msiba wa mama yake.

Wengine watasema kwamba tuhuma si hukumu, na kwamba kila mtu ana haki ya kudhaniwa mwema hadi athibitishwe mkosaji. Kauli hii ni ya insafu, nami naikubali bila kusita. Ila naomba haki hiyo wapewe wote. Aprili 1989 mwanamke mmoja alibakwa na kupigwa nusura afe katika bustani ya Central Park, New York, wakakamatwa vijana watano wa miaka 14 hadi 16, wanne weusi na mmoja mwenye asili ya Amerika ya Kilatini. Magazeti yaliwaita kundi la mbwa mwitu kabla kesi haijasikilizwa, na tajiri Donald Trump akanunua kurasa nzima za matangazo katika magazeti manne kudai adhabu ya kifo irudishwe. Hukumu zao zilifutwa Desemba 2002, baada ya mtu mwingine kukiri na vipimo vya vinasaba kumthibitisha. Yaani katika mwaka ule ule ambao R. Kelly alishtakiwa na asikose jukwaa.

Kwetu Afrika Mashariki sauti yake ilipendwa sana, na mwaka 2010 Ali Kiba wa Tanzania na Amani wa Kenya walikuwa miongoni mwa wasanii wa Afrika waliorekodi naye wimbo. Hawana lawama, madhali mahakama ilikuwa imekwisha kumwachia. Lakini magazeti yetu nayo yana ada ya kumchapa mtuhumiwa maskini akiwa na pingu, na mtuhumiwa maarufu akiwa amevaa suti jukwaani. Mhariri anaweza kuibadili ada hiyo kesho: aandike kwamba mtu anatuhumiwa, awe mwimbaji au mpishi wa nyumbani, asitiri jina la mlalamikaji, awe binti wa waziri au wa mama lishe. Lililo gumu ni kuifuata kesi. DeRogatis aliifuata habari ile ile tangu mwaka 2000 hadi 2019, na mhariri anayetaka kazi ya namna hiyo ni sharti akubali kumlipa mwandishi wake mshahara hata katika miezi ambayo hakuna jipya la kuchapisha.