ANTHONY GOSE: GONGO LILIMKATAA, MKONO UKAMRUDISHA LIGI KUU

Leo tuweke soka pembeni kidogo, tuangalie besiboli ya Marekani. Kule kuna kitu ambacho kwetu kingeonekana kichekesho. Unamchukua winga wa miaka 26 aliyekwishacheza ligi kuu, unamwambia kuanzia kesho wewe ni golikipa, halafu unamshusha madaraja matatu akajifunze. Ndicho kilichomkuta Anthony Gose mwaka 2017, na stori yake inaeleza vizuri kwa nini klabu zinafanya hivyo.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa wasioujua. Mrushaji anasimama juu ya tuta katikati ya uwanja, anamrushia mpira mpigaji aliyeshika gongo (la mti, siyo la kunywa!) umbali wa mita 18 na kidogo. Nyuma ya mrushaji, mbali kabisa, wako walinzi watatu wa nje. Kazi yao ni kukimbiza mipira iliyopigwa mbali, kuidaka na kuirudisha fasta kabla mpinzani hajamaliza mzunguko. Kwa hiyo wanatakiwa wawe na mbio na mkono wenye nguvu. Lakini zamu ya timu yao kupiga ikifika, nao lazima washike gongo. Hapo ndo wengi wanapochemsha.

Gose alipokuwa sekondari huko Bellflower, California, alikuwa anarusha mpira kwa kasi ya zaidi ya maili 95 kwa saa, yaani kilomita 150 na ushee. Klabu kadhaa zilimtamani kama mrushaji. Yeye akataka abaki mlinzi wa nje, na Philadelphia wakamchukua hivyo mwaka 2008. Mwaka 2012 akaingia ligi kuu na Toronto, baadaye akaenda Detroit. Mbio anazo, kudaka anajua, ila gongo likamkataa. Mwaka 2016 Detroit wakamrudisha ligi ndogo. Kibarua kikaanza kuota nyasi.

Sasa kwa nini asiachwe tu aende zake? Kwa sababu kasi ya namna ile ni ya kuzaliwa nayo. Kocha anaweza kumfundisha kijana kulenga na mbinu, lakini hawezi kumpa mkono wa maili 99 kama hana. Klabu inaona ina mali tayari mkononi, na mchezaji mwenyewe hana pengine pa kwenda. Basi wanajaribu.

Msidhani ni rahisi lakini. Kuna mitihani mitatu:

1. Kulenga. Mlinzi wa nje anarusha huku amechukua mbio, na anayempokea anaweza kusogea. Mrushaji anaanzia palepale aliposimama, na anapaswa kupitisha mpira juu ya kibao chenye upana wa sentimita 43 tu. Akikosea mara nne, mpinzani anapewa kituo cha kwanza bure.

2. Aina za mipira. Wapigaji wa ligi kuu wakishaizoea kasi, wanaipiga. Lazima uwe na mpira wa kupinda au wa kudanganya, na huo unachukua miaka kuujua.

3. Kiwiko. Kurusha kwa nguvu zote kila mara kunachakaza kano za ndani ya kiwiko.

Gose alipita yote matatu. Mwaka 2017 huko Lakeland, Florida, mashine zilisoma maili 99, ila mpira ulikuwa hauendi anakotaka. Akasota ligi ndogo. Mwaka 2020 ligi hizo hazikuchezwa kabisa sababu ya Korona, naye anatimiza miaka 30. Mwaka 2021 akaenda na timu ya Marekani kwenye Olimpiki ya Tokyo, wakapata medali ya fedha. Septemba mwaka huohuo Cleveland wakamwita. Miaka mitano tangu ligi kuu imteme, karudi kama mrushaji! Mwaka uliofuata kiwiko kikadai chake, akafanyiwa upasuaji, akakosa msimu mzima wa 2023, ndipo akarejea kwa mechi chache 2024.

Wapo wengine. Alexi Ogando wa Jamhuri ya Dominika alisajiliwa kama mlinzi wa nje, Texas wakamgeuza, na 2011 akateuliwa kwenye mechi ya nyota. Kenley Jansen wa Curaçao alikuwa mdakaji mpaka 2009, leo ni kati ya wafungaji mechi wakubwa kabisa. Ila hao ndio tunaowasikia. Wengi wanaogeuzwa wanaishia hukohuko chini, kimya kimya.

Kinachonigusa mimi kwa Gose siyo kasi. Ni kukubali kuanza moja kwenye kazi aliyoikwepa akiwa kijana, huku wenzake wakiwa na umri wa wadogo zake. Haya wadau, ungekuwa wewe ungekubali, au ungetundika viatu?