Kishikwambi mkononi, X haionekani

NILIMKUTA Ticha kwenye kibanda kimoja Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, anagombania bei ya kava. Muuzaji anataka elfu kumi na tano, yeye kang'ang'ania kumi.

"Kaka yangu, mimi mwalimu."

"Wa somo gani, dada?"

"Hesabu."

"Sasa mwalimu wa hesabu elfu tano inakusumbua nini?"

Watu wakaangua kicheko, mpaka mama wa mihogo wa pembeni akasahau kikaango chake. Ticha naye akacheka, akatoa elfu kumi na mbili, mambo yakaisha.

Kava lenyewe lilikuwa la kishikwambi. Si unakumbuka Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, makarani wanapita nyumba kwa nyumba na vile vidude? Baada ya zoezi vikaanza kwenda kwa walimu, na hesabu iliyotangazwa mwaka huo ilikuwa karibu 300,000, Bara na Visiwani. Si mchezo.

Nikamuuliza Ticha anakitumiaje darasani. Akanitazama kama nimemuuliza umri.

"Nilisaini daftari, nikapewa na chaja. Basi. Pale shuleni kwetu mmoja anaangalizia mpira, mwingine kajaza picha za send-off ya mdogo wake. Mimi nilikaa nacho kwenye kabati miezi mitano. Nilikuwa naogopa wanafunzi watanicheka nikibonyeza sipo."

Tusiwaseme sana, jamani. Nchi hii mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, baada ya mashine za Hazina kuleta kizaazaa kwenye mahesabu. Vyuo vya ualimu vya serikali navyo vilianza kupelekewa kompyuta kwa nguvu kuanzia 2005, kwa msaada wa Sweden. Mwalimu aliyesoma kabla ya hapo alijifunza chaki, na chaki anaiweza kweli.

Ila kujua kompyuta ni jambo moja, kuifundishia hesabu ni jingine. Pale Chang'ombe, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, yaani DUCE, mtafiti Ayoub Kafyulilo aliwachunguza walimu wanafunzi wa sayansi na hisabati, akaandika tasnifu yake mwaka 2010 kwa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi. Wazo alilolitumia lilikuwa la watafiti wawili wa taaluma hiyo, Mishra na Koehler, waliolitoa 2006: mwalimu anahitaji kujua somo, kujua kufundisha na kujua mashine, halafu ajue hayo matatu yanavyokutana. Hapo kwenye kukutana ndipo penye kazi. Dawa iliyojaribiwa haina makuu. Mnaandaa somo kwa kikundi, mmoja anawafundisha wenzake, mnakosoana bila kuoneana haya, mnarudia.

Ticha na wenzake wanne wanafanya hivyohivyo kila Jumamosi, kwenye darasa la kuazima jirani na Gerezani. Akaniambia njoo ukae mwanafunzi. Mimi, niliyepata F ya Hisabati kidato cha nne! Nikaenda.

Wanatumia GeoGebra, programu ya bure iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter wa Austria. Ukishaiweka kwenye kishikwambi haihitaji bando. Wa kwanza kufundisha alikuwa kaka mmoja mtanashati, akatuonyesha rangi, mistari, maduara yanazunguka. Kupendeza kulipendeza. Alipomaliza, mama mmoja mtu mzima akamuuliza, "Mwanangu, nimejifunza nini?" Kijana akakosa jibu.

Ikaja zamu ya Ticha. Kwanza akaandika ubaoni kwa chaki: y = ax². Akachora bakuli, mdomo juu. "Hapa a ni moja. Nikiifanya hasi moja itakuwaje? Kila mtu aandike kabla sijagusa kitu."

Mimi nikaandika kwamba litashuka chini. Akasogeza kile kitufe kwa kidole, na bakuli likajifunika, fuu! Kumbe cha kulishusha ni kuliongezea namba hasi pembeni. Akapandisha a mpaka tatu, bakuli likabana kama glasi. Nikajikuta nauliza, "Na ikiwa sifuri?" Akanipa kishikwambi nijaribu mwenyewe. Bakuli likafunguka, likalala, likawa mstari mnyoofu. Aisee! Miaka yote kitabu kilikuwa kinasisitiza a isiwe sifuri, mimi nikadhani ni ukali tu.

Yule mama hakuridhika. "Mtihani wa kidato cha nne mtoto anaingia na penseli. Kwa miaka mingi hata kalkuleta ilikuwa inaishia mlangoni. Haya mabakuli yatamsaidia nini?"

Swali la haki hilo. Mwaka 2022 waliofaulu Hisabati kidato cha nne walikuwa kama mmoja kati ya watano, na mwalimu ndiye anayeulizwa. Kipindi kimoja kikipotea kwenye kubonyeza, mada haziishi. Ticha akajibu kwamba baada ya kuona, anawachorisha wote kwa mkono kwenye karatasi ya grafu, na kishikwambi kinarudi kwenye kava. Dakika kumi, basi. Mama akaguna, ila akaiandika kwenye daftari lake.

Kingine kilichombana ni idadi. Kidato cha tatu B wako 82, kishikwambi kimoja, projekta hakuna. Wakabishana saa nzima, wakakubaliana: vikundi kumi, kila kikundi kinaandika utabiri wake kwanza, kishikwambi kinapita benchi kwa benchi.

Jumatatu saa nane mchana akanitumia meseji: "Chaji ilikuwa nusu, umeme hakuna tangu jana. Vikundi nane vimeona. Viwili wamenigomea kutoka darasani mpaka waone na wao. Unayo pawabenki?"