Nati iliyozunguka ndani ya shasi

Wengi wenu mumetuuliza kwa nini gari la shirika halikwenda Uvira juma lililopita, na bidoni za mawese zikabaki hapa Baraka. Tunawaeleza yote.

Dereva alisikia kitu kinagonga chini kila alipoachia klachi. Tukainama kuangalia, vitenge vikaingia matope. Chuma kinachobeba giaboksi kinafungwa kwenye shasi kwa bolti nne, na upande mmoja kilikuwa kimelegea. Bolti moja ilizunguka tu: haikazi, haitoki. Nati yake imechomelewa ndani ya shasi, mahali mkono haufiki. Kutu ilikuwa imekula mchomo, nati ikaachia, ikawa inazunguka pamoja na bolti.

Fundi wa kwanza alisema, "Wamama, tuchomelee hicho chuma kwenye shasi, saa moja tu munaondoka." Bei ilikuwa ndogo na soko lilikuwa kesho yake. Kweli, wengi wetu tulikuwa tayari kulipa. Mama mweka hazina akauliza: siku diski ya klachi itakapoisha, giaboksi itashushwa namna gani? Fundi akacheka, akasema tutakata. Lakini kukata na kuchomelea mahali palepale kunadhoofisha shasi, na moto unaharibu mpira ulioshikilia giaboksi. Tukamshukuru, tukaondoka. Usiku ule tuligombana sana juu ya mawese.

Fundi wa pili, mzee asiyependa maneno mengi, alitueleza hivi. Kama nati ingekuwa imara na nyuzi zake tu ndizo zimeliwa, angetoboa na kuchonga nyuzi za bolti nene zaidi, ya milimita 12 badala ya 10. Nati inayozunguka haichongeki. Akakata kichwa cha bolti, akasukuma mabaki ndani, akayavuta kwa sumaku kupitia tundu ambalo shasi ilitoka nalo kiwandani. Kisha akachukua kipande kirefu cha bapa nene la chuma, akatoboa, akachomelea nati mpya juu yake mezani, mbali na gari. Akakiingiza kwa waya kupitia tundu lilelile mpaka nati ikakaa sawa na shimo. Bapa linagusa ukuta wa shasi, kwa hiyo haliwezi kuzunguka, na uzito unaenea mahali pakubwa. Hakuna moto uliogusa shasi.

Gari lenu likikosa tundu la namna hiyo, fundi atalazimika kufungua dirisha dogo na kuchomelea hapohapo. Basi atoe kwanza waya za betri, na muhakikishe mabomba ya mafuta na ya breki yako mbali na moto.

Mzee alituonyesha pia bolti nyingine, nyuzi zake zimepinda. Mtu aliianza kwa spana. Bolti inaanzwa kwa vidole, mizunguko mitatu au minne. Ikigoma, inatolewa na kusafishwa. Tumemwambia dereva asimame karibu kila gari linapofungwa, hata fundi akinuna.

Tulilipa siku mbili za kazi, na soko moja lilitupita. Gari limeshakwenda Uvira na kurudi. Dereva alikaza tena zote nne: tatu hazikusogea, ile mpya ilikubali robo ya mzunguko.

Mawese yataondoka alhamisi, saa kumi na moja asubuhi. Bidoni zifike jumatano jioni.