Hofu ya Jukwaani: Ushauri kwa Waimbaji wa Kibera na Kawangware

Ukipita Soko la Toi asubuhi, utasikia sauti kabla ya kuona bidhaa. Muuzaji wa mitumba amesimama juu ya meza, mashati begani, anaita wateja: mia, mia, chagua mia! Mamia ya watu wanapita. Wengine wanamtazama, wengine wanamcheka, wengine wanamvuta bei hadi hamsini. Hatetemeki hata kidogo.

Miongoni mwa wauzaji hao wamo waimbaji. Mchana wako sokoni, Ijumaa usiku wako na bendi katika mkahawa kando ya Barabara ya Ngong, Jumamosi wako harusini Kawangware na Jumapili wanaongoza nyimbo kanisani. Mtu huyo huyo asiyeogopa umati wa Toi, akishika maiki mbele ya watu arobaini, kinywa kinakauka, mikono inatetemeka na ubeti wa pili unapotea.

Kwa mwimbaji anayelipwa, jambo hili si dogo. Shoo ikiharibika, huenda asiitwe tena, na kodi ya nyumba haingoji. Makala haya yanaeleza hofu hiyo inatoka wapi, unachoweza kufanya wewe mwenyewe, na ni wakati gani unapaswa kwenda kwa mhudumu wa afya.

Mwili unafanya nini?

Ubongo ukihisi hatari, mwili hutoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo hupiga kwa kasi, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, mate hupungua na tumbo husokota. Haya ni maandalizi yale yale ambayo yangekusaidia kumkimbia mbwa mkali. Si ugonjwa, si laana, wala si ishara kwamba huna kipaji.

Shida ni kwamba uimbaji unahitaji kinyume chake: pumzi ndefu, koo lililolegea na kinywa chenye mate. Mpiga ngoma akitetemeka kidogo, ngoma yake haijui. Mwimbaji akitetemeka, kila mtu anasikia, kwa sababu ala yake imo ndani ya mwili wake. Kwa wengi hofu hufika kileleni dakika chache kabla ya kupanda jukwaani, kisha hushuka katika wimbo wa kwanza au wa pili. Ukijua hilo, hutaanza kuamini kwamba usiku wote umeharibika kwa sababu ya dakika tatu za mwanzo.

Hata waliofika kileleni hawajaepuka. Mwaka wa 1967, mwimbaji Barbra Streisand wa Marekani alisahau maneno ya wimbo akiwa mbele ya umati mkubwa katika bustani ya Central Park, New York. Hofu hiyo ilichangia akae miaka mingi bila kufanya maonyesho ya kulipiwa. Aliporejea miaka ya 1990, aliwekewa skrini yenye maneno ya nyimbo mbele yake. Kwa hivyo karatasi ndogo yenye mstari wa kwanza wa kila ubeti, ikiwekwa sakafuni karibu na stendi ya maiki, si aibu.

Tofauti ya meza ya Toi na jukwaa

Kwa nini basi muuzaji haogopi akiwa mezani? Akili yake iko kwa shati na kwa mteja. Anaangalia nani amesimama, nani anagusa kitambaa, nani anakaribia kutoa pesa. Hana nafasi ya kujiuliza, "Wananionaje?"

Akipanda jukwaani, macho ya akili yanageuka na kujitazama: sauti yangu ikoje, nguo yangu ikoje, yule anayecheka pale nyuma ananicheka mimi? Kadiri mtu anavyojichunguza ndivyo hofu inavyokua, na ndivyo mambo aliyoyazoea, kama vile kuvuta pumzi na kukumbuka maneno, yanavyomponyoka.

Basi chukua akili ya sokoni uende nayo jukwaani. Wimbo ndio bidhaa, na msikilizaji ndiye mteja. Kabla ya kuanza, jiulize: wimbo huu unasema nini, na ninamwambia nani? Chagua mtu mmoja mwenye uso wa upole na umwimbie ubeti wa kwanza. Kisha hamia kwa mwingine.

Mambo ya kufanya kabla ya shoo

Kwanza, jizoeze mbele ya watu, si chumbani peke yako. Mwimbie rafiki mmoja, kisha watatu, kisha kikundi cha vijana au kwaya. Hofu hupungua kwa kuizoea hatua kwa hatua. Ukiikwepa kila mara, inakomaa. Wengi wetu tulianza katika tamasha la muziki shuleni, na tulipanda ngazi hizo hizo: darasa, shule, kisha mashindano.

Pili, linda sauti yako mchana. Anayeita wateja tangu asubuhi hufika jukwaani na koo lililochoka. Akiogopa kwamba sauti itakatika, hofu hiyo ina msingi. Siku ya shoo, mwombe mwenzako wa meza aite wateja kuanzia alasiri, nawe upange nguo na kupokea pesa. Kunywa maji kidogo kidogo siku nzima. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, nenda hospitali ukaangaliwe koo.

Tatu, fika mapema. Msongamano wa Barabara ya Ngong au Barabara ya Naivasha unaweza kukufikisha ukumbini ukiwa umekwisha kuishiwa na pumzi. Jaribu maiki, simama mahali utakaposimama, na uangalie mlango na taa. Mahali unapopafahamu hapatishi sana.

Nne, pumua kwa hesabu. Vuta pumzi kupitia puani ukihesabu hadi nne, tumbo likifura. Itoe polepole ukihesabu hadi sita. Rudia kwa dakika mbili au tatu. Pumzi ndefu ya kutoka huusaidia moyo kupunguza kasi, nawe utakuwa umeandaa pumzi ya kuimbia.

Tano, badilisha unachojiambia. Mwaka wa 2014, mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha majaribio ambayo mojawapo lilihusu watu walioimba karaoke. Walioambiwa waseme "nina msisimko" kabla ya kuimba walifanya vizuri kuliko walioambiwa waseme "nina wasiwasi". Moyo unadunda vile vile kwa hamu na kwa hofu. Kusema "nina hamu ya kuimba" ni rahisi kuliko kuulazimisha moyo utulie papo hapo.

Sita, punguza wasiwasi wa pesa. Mapatano ya mdomo humfanya mwimbaji aimbe akiwaza kama atalipwa. Andika makubaliano, hata kwa ujumbe wa simu: saa za kuanza na kumaliza, malipo, malipo ya awali, na nani atagharamia usafiri wa usiku.

Njia za mkato zinazogharimu

Glasi moja "ya kutoa aibu" huonekana kusaidia. Pombe hupunguza woga kwa muda, lakini pia hulegeza kumbukumbu na usikivu, na mwimbaji hasikii tena kwamba ametoka kwenye noti. Hatari kubwa ni kwamba kidogo kidogo akili hujifunza kuwa haiwezi kupanda jukwaani bila glasi, kisha bila mbili. Miraa, muguka na vinywaji vya kuongeza nguvu huongeza mapigo ya moyo, yaani huongeza kile kile unachokiogopa, na huondoa usingizi baada ya shoo.

Wapo pia wanaonunua vidonge vya kupunguza mapigo ya moyo, kama propranolol, bila kuandikiwa na daktari. Dawa hii ina matumizi yake halali, lakini inaweza kumletea mtu mwenye pumu shida kubwa ya kupumua, na haifai kwa baadhi ya wenye matatizo ya moyo. Usikubali kidonge cha rafiki. Ukiona unahitaji dawa, muulize daktari.

Mwaka wa 2020, mwimbaji Vanessa Mdee wa Tanzania alitangaza kwamba anaacha biashara ya muziki, akaeleza hadharani jinsi shinikizo la kazi hiyo na unywaji wa pombe vilivyomchosha. Alikuwa na umaarufu ambao wengi wanautamani. Ushuhuda wake unatukumbusha kwamba makofi hayatibu uchovu wa akili.

Hofu isipobaki jukwaani

Hofu ya kawaida huja na shoo na kuondoka na shoo. Angalia dalili zifuatazo zikidumu kwa wiki mbili au zaidi:

- Hulali vizuri, au unalala kupita kiasi.
- Umepoteza hamu ya chakula, au ya muziki wenyewe.
- Unakataa kazi ambazo zamani ungezifurahia.
- Unakunywa au kutumia dawa ili uweze kuikabili siku.
- Unasoma maneno ya matusi ya mtandaoni usiku kucha na kuyaamini.
- Unajiona huna thamani au huna tumaini.

Zikitokea kadhaa, usingoje hadi uanguke. Ikiwa una mawazo ya kujiumiza au kujiua, usingoje wiki mbili: tafuta msaada siku hiyo hiyo, na usikae peke yako.

Zamani baadhi ya watu waliogopa kusema kwa sababu kujaribu kujiua kulihesabiwa kuwa kosa la jinai. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoharamisha jambo hilo, kinakiuka Katiba. Mwenye mawazo haya anahitaji matibabu, na anastahili kuyapata.

Mahali pa kupata msaada

Chini ya Katiba ya 2010, vituo vya afya vya mashinani ni jukumu la kaunti, na Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka wa 2022 inaeleza wajibu wa serikali za kaunti katika huduma za afya ya akili. Kwa hivyo unaweza kuanzia kituo kilicho karibu nawe, kama Kituo cha Afya cha Kibera South, au Hospitali ya Mbagathi. Mwambie mhudumu waziwazi: "Nina wasiwasi mwingi, silali, kazi imenishinda." Huhitaji kusingizia maumivu ya kichwa ili upokelewe. Ikibidi, utaelekezwa kwa mshauri nasaha au daktari wa akili, au katika hospitali kubwa kama Kenyatta na Mathari.

Mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba za mtaa wako pia anaweza kukuelekeza. Ukitaka kuzungumza na mtu kwa simu, piga 1199, nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Kwa shida ya pombe au dawa za kulevya, piga 1192, nambari ya bure ya NACADA.

Ushauri nasaha huchukua muda. Mara nyingi mshauri atakusaidia kuyatambua mawazo yanayoamsha hofu, uyapime kama ni ya kweli, kisha uikabili hofu hatua kwa hatua. Usikate tamaa baada ya kikao kimoja.

Kwa wenye kumbi, viongozi wa kwaya na jamaa

Mwenye ukumbi, lipa kwa wakati na umpe mwimbaji maji na mahali pa kukaa kabla ya zamu yake. Kiongozi wa kwaya, usimkosoe mwimbaji mbele ya watu. Msubiri pembeni, anza na alilofanya vizuri, kisha mweleze la kurekebisha. Jamaa na marafiki, kumwambia mtu "acha uoga" hakumsaidii. Muulize, "Usiku ulilalaje?" kisha unyamaze umsikilize.

Nawe mwimbaji, kesho ukifika Toi, msikilize mwenzako akiita wateja. Sauti inatoka tumboni, macho yako kwa mnunuzi, na akikosea bei anacheka na kuendelea. Hakuna aliyemfunza. Aliizoea kazi hiyo siku baada ya siku, mbele ya watu, akiwa na wenzake pembeni. Jukwaa nalo huzoeleka vivyo hivyo, na pale linapokataa kuzoeleka, milango ya kliniki iko wazi.